Timu Iliyoshindwa Mara 112

Katika maongezi haya tumezoea kusikia habari za washindi. Leo twataka kuwaelezeni habari za walioshindwa, wala si mara moja wala mara kumi. Katika mwaka wa 1952 timu ya besiboli ya mji wa Pittsburgh, katika nchi ya Marekani, ilicheza michezo 154. Katika hiyo ilishinda 42, ikashindwa 112. Jina la timu hiyo ni Pirates, maana yake maharamia wa baharini, ingawa Pittsburgh ni mji wa bara, na wakati ule ulijulikana zaidi kwa viwanda vyake vya chuma.

Yafaa kwanza tueleze mchezo wenyewe, maana wengi wetu hatujapata kuuona. Kila upande una watu tisa. Mtupaji husimama katikati ya uwanja akautupa mpira mdogo, mgumu, kwa nguvu nyingi. Na mtu wa upande wa pili humngojea na gongo la mti mikononi. Akiukosa mpira mara tatu, hutoka. Akiupiga vema, huliacha gongo akakimbia kuvizunguka vituo vinne, na akifika salama pale alipoanzia timu yake hupata pointi moja. Wakitolewa watu watatu, pande mbili hubadilishana, na kila upande hupata zamu tisa. Lakini mpigaji akiupiga mpira hata ukavuka ua wa uwanja, hapana wa kumzuia. Huzunguka taratibu huku watu wakimshangilia. Aliyeona kriketi atatambua ya kuwa michezo hii miwili ina udugu.

Tena, besiboli haichezwi mara moja kwa juma. Wale wanaocheza kwa mshahara hucheza karibu kila siku, tangu mwezi wa Aprili hata mwisho wa Septemba. Kwa hiyo kila timu hushindwa, na kushindwa kwenyewe si aibu. Timu bora ya ligi yao mwaka ule, yaani Brooklyn, ilishindwa mara 57. Timu ya saba katika timu nane, ambayo ilikuwa Boston, ilishinda mara 64. Chini yake, mbali kabisa, ndiko walikokuwa Pirates. Aliyeshindwa Jumamosi katika mpira wa miguu ana siku kadhaa za kupoa moyo. Hawa walishindwa leo, na kesho alasiri ikawapasa kuvaa nguo zile zile na kutoka tena mbele ya watu wale wale.

Huenda mtu akauliza, Je, timu hii haikuwa na mchezaji hata mmoja? Alikuwako, naye alikuwa mashuhuri. Ralph Kiner aliupiga mpira nje ya ua mara 37 mwaka ule, akalingana na Hank Sauer wa Chicago, na hapana aliyewapita katika ligi yao. Ulikuwa mwaka wa saba mfululizo wa Kiner kuwa wa kwanza au kulingana na wa kwanza. Murry Dickson naye, mtupaji mtu mzima, alihesabiwa kushinda michezo 14, yaani theluthi nzima ya ushindi wote wa timu. Hata hivyo alihesabiwa kushindwa 21. Mtupaji hawezi kushinda ikiwa wenzake hawapati pointi.

Asili ya mambo haya ilikuwa shauri la mtu mmoja, Branch Rickey, meneja mkuu, aliyeitwa Pittsburgh mwishoni mwa mwaka 1950. Hakuwa mtu mdogo. Alipokuwa Brooklyn ndiye aliyemwandika Jackie Robinson, ambaye katika mwaka 1947 alikuwa mtu mweusi wa kwanza wa karne ya 20 kucheza katika ligi kuu. Na kabla ya hapo, katika mji wa St. Louis, Rickey alitengeneza desturi ya timu kubwa kuwa na timu ndogo ndogo katika miji midogo, ili vijana wakuzwe huko kama miche katika kitalu, kisha wahamishwe shambani. Pittsburgh alitaka kufanya vivyo hivyo. Akaandika vijana wengi, akitumaini ya kuwa kati ya wengi hawatakosa kupatikana wachache wazuri.

Shauri lenyewe lilikuwa jema. Lakini mche una wakati wake. Vita vya Korea vilikuwa vikipiganwa, na vijana wengine waliitwa jeshini, kama Vernon Law, mtupaji aliyekosekana mwaka ule na mwaka uliofuata. Waliosalia wakaingizwa uwanjani kabla ya kukomaa. Tony Bartirome na Bobby Del Greco, wote wawili wazaliwa wa Pittsburgh, walikuwa na umri wa miaka 19 mashindano yalipoanza. Dick Groat alitoka chuo kikuu mwezi wa Juni akaja moja kwa moja kucheza na watu wazima.

Habari ya Ron Necciai yatuhuzunisha kuliko zote. Tarehe 13 Mei 1952, akiwa na umri wa miaka 19, alitupa katika timu ndogo ya Bristol, na katika mchezo mmoja wapigaji 27 waliukosa mpira wake mara tatu. Kumbukeni: watu watatu katika kila zamu, zamu tisa, jumla ni 27. Nchi nzima ilisikia. Mwezi wa Agosti akaletwa Pittsburgh, ingawa alikuwa na vidonda vya tumbo. Huko alishinda mara moja, akashindwa mara sita. Baadaye mkono ukamwuma, na hakurudi tena katika ligi kuu. Hatuwezi kusema ya kuwa angalingojewa angalidumu. Lakini twaona ya kuwa hakungojewa.

Kiner je? Mwaka ulipokwisha aliambiwa ya kuwa mshahara wake utapunguzwa. Alipokataa, kama alivyosimulia mwenyewe, Rickey alimjibu kwamba pamoja naye wamekuwa wa mwisho, na bila yeye pia wanaweza kuwa wa mwisho. Jibu hilo limechekesha watu wengi, nasi tulicheka. Lakini haifai kusahau sheria ya siku zile. Mchezaji alifungwa na timu yake mwaka baada ya mwaka, wala hakuwa na ruhusa ya kutafuta kazi kwa jirani. Kifungo hicho kilivunjwa baada ya uamuzi wa mwaka 1975. Kiner alikubali, na mwezi wa Juni 1953 akapelekwa Chicago pamoja na wenzake, na badala yao Pittsburgh wakapata wachezaji wengine na fedha.

Watu wa mji nao walichoka. Mwaka 1948 walioingia uwanjani walizidi milioni moja na nusu. Mwaka 1952 hawakufika laki saba. Mzee Billy Meyer, aliyeiongoza timu uwanjani, aliacha kazi mwaka ulipokwisha. Timu ikawa ya mwisho tena mwaka 1953, na 1954, na 1955. Ndipo Rickey naye akaondoka katika kazi ile.

Lakini kitalu kilikuwa kimeachwa. Mwishoni mwa mwaka 1954 walikuwa wamemchukua kijana wa Puerto Rico, Roberto Clemente, kutoka katika timu ndogo ya Brooklyn. Tarehe 13 Oktoba 1960, katika uwanja ule ule wa Forbes Field, Pirates waliwashinda Yankees wa New York kwa pointi 10 kwa 9, wakawa mabingwa. Groat alikuwamo, na Law, na Bob Friend, ambaye katika mwaka 1952 alikuwa amehesabiwa kushindwa mara 17.

Bartirome hakucheza tena katika ligi kuu baada ya mwaka ule mmoja. Alirudi Pittsburgh baada ya miaka mingi kuwa mtunza viungo vya wachezaji, naye alikuwa katika kazi hiyo Pirates waliposhinda ubingwa mwaka 1971, na tena mwaka 1979.