Nguo za Msaada: Je, Ni Halali Kuziuza?



Swali hili hutokea kila kikundi kinapopokea nguo kutoka kwa marafiki wa ng'ambo. Nguo ni za bure, sisi tuna shida ya pesa, kwa nini tusizipeleke soko la Chwele tupate mtaji? Na wale akina mama wanaouza mitumba pale, kwani wao wanatenda dhambi?

Tuanze na hao akina mama, maana wanasemwa bure. Mtu wa Uingereza hupeleka nguo zake kwa duka la msaada, kama yale ya Oxfam, shirika lililoanzishwa mwaka 1942. Duka huuza zile linazoweza. Zinazobaki huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara, na pesa hizo huingia katika kazi ya msaada. Kutoka hapo nguo ni mali ya biashara. Zinachambuliwa, zinafungwa mitumba, mara nyingi ya kilo 45, zinalipiwa meli na ushuru, zinafika Gikomba, Nairobi. Mama wa Chwele ananunua mtumba bila kuona ndani. Akifungua akute kamera chache na fagia tele, hasara ni yake. Hakuna maskini aliyeibiwa hapo. Afadhali tu amwambie mnunuzi ukweli kuhusu kile kitundu cha kwapani.

Nguo za kikundi ni jambo lingine. Hakuna aliyezinunua. Zimetolewa kwa ajili ya watu fulani: yatima, wajane, waliochomewa nyumba. Wakati wa fujo za Mlima Elgon, mwaka 2006 hadi 2008, watu wengi walikimbia makwao mikono mitupu. Blanketi iliyotolewa kwa ajili ya mama kama huyo ikionekana sokoni kwa meza ya shemeji ya mweka hazina, huo ni wizi, hata kama ni blanketi moja tu.

Lakini si kila kuuza ni wizi. Ndani ya boksi kuna viatu vya visigino virefu, kuna koti la theluji, kuna suti ya mtu mnene sana. Nyanya wa miaka 70 atavaa ipi? Koti hilo mtu wa bodaboda atalichukua haraka kwa sababu ya baridi ya asubuhi, na pesa zake zitanunua sweta za shule. Hiyo ni sawa, mradi aliyetoa ameambiwa na amekubali. Mkiona haya kumwandikia, basi kuna kitu hakiko sawa. Mwulizeni pia kama nguo ziliingia nchini bila ushuru. Za namna hiyo zikiuzwa, ushuru unaweza kudaiwa.

Boksi lifunguliwe mchana mbele ya wanachama wote, si nyumbani kwa mwenyekiti. Wenye shida wachague kwanza, viongozi mwisho, tena kwa bei ya soko. Someni Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane walisahauliwa katika mgao, watu wakanung'unika, na mitume hawakuwanyamazisha. Walichaguliwa watu 7. Saba, si mmoja mwenye ufunguo wa stoo!

Na pesa je? Hapo ndipo vikundi huvunjika. Zisiingizwe kwa merigoraundi, maana hiyo ni ya wanachama, na nguo hazikuletwa kwa ajili ya wanachama. Aliyebeba mzigo na kukaa sokoni siku nzima apewe nauli na chai, na katibu aandike kwa daftari siku hiyo hiyo. Akidai zaidi, afunguliwe daftari asome jina la yule mtoto anayengoja sweta.