Kuminga: miezi tatu ya uhuru nusu

Mutoto wa Goma, Jonathan Kuminga, alikuwa na miaka 22 wakati kontra yake ya kwanza na Golden State Warriors ilipoisha, mwaka 2025. Huku kwetu wengi walisema: sasa anaingia kwenye franga mingi. Lakini mwezi wa 7 ukapita, wa 8 ukapita, na yeye bado hajasaini kitu. Juu ya nini?

Kule NBA, muchezaji akimaliza kontra yake ya kwanza, klabu yake inaweza kumupa ofa ndogo ya mwaka moja. Ikimupa, anakuwa huru, lakini nusu. Klabu ingine inaweza kumuandikia bei, ila ile ya kwanza iko na haki ya kulipa bei ileile na kumubakisha. Muchimbaji ataelewa mbio: depo yako ya kwanza iko na haki ya kubeba mifuko yako kwa bei yoyote ambayo depo ya pili imetaja. Sasa depo ya pili itajisumbua kupima majiwe yako juu ya nini?

Njo ilivyokuwa. Phoenix na Sacramento walimutaka, lakini hawakuwa na nafasi ya kumulipa. Ilibidi wapite kwa Golden State wenyewe, kwa kubadilishana wachezaji. Brooklyn walikuwa na nafasi, nao hawakumuandikia bei.

Watu wanafikiri klabu inakaa tu inacheka. Hapana. Angalia mahesabu ya sezoni 2025-26: Stephen Curry dola milioni 59.6, Jimmy Butler 54.1, Draymond Green 25.9. Watu tatu, milioni 139.6! Na juu kuna mustari wa milioni 207.8, klabu ikiupita, inafungiwa milango mingi ya kununua na kubadilisha wachezaji. Katikati ya namba hizo mbili, kuna watu kumi na zaidi wa kulipa.

Kuminga atachukua ngapi: 8 ao zaidi ya 20? Bila kujua ile, patron wa ekipe hawezi kuahidi mutu mwingine. Muzee Al Horford, miaka 39, alingoja mpaka mwisho wa mwezi wa 9. Franga yake, karibu milioni 5.7 kwa mwaka, inatoka kwenye mufuko wenye sharti: ukiufungua, ule mustari wa 207.8 unakuwa ukuta. Haupitwi hata na dola moja.

Kuminga naye alikuwa na tarehe yake, 1 Oktoba. Angechukua ofa ndogo, karibu milioni 8, mwaka wa kisha angekuwa huru kabisa, na katikati hapo klabu isingeweza kumutuma kwingine bila yeye kukubali. Cam Thomas wa Brooklyn na Quentin Grimes wa Philadelphia walichagua njia ile. Yeye akasaini miaka mbili, hadi milioni 48.5, lakini mwaka wa pili ulikuwa mukononi mwa klabu.

Si bei ya kulilia, kweli. Ila mimi naona klabu njo ilishinda. Katika kubadilishana, mishahara ya pande mbili inapaswa kukaribiana. Muchezaji wa milioni 22 anaweza kuleta muchezaji mwingine wa bei ile. Wa milioni 8, tena mwenye haki ya kukataa, ataleta nani?