Samatta na njia ya Lubumbashi

Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga bao katika Ligi Kuu ya Uingereza hakutoka Dar es Salaam akaenda moja kwa moja Birmingham. Mbwana Ally Samatta alikaa kwanza Lubumbashi, kusini mwa Kongo, kwa zaidi ya miaka minne, kisha akakaa mingine minne Genk, mji mdogo wa Ubelgiji ambao mashabiki wengi wa Bongo waliujua kwa sababu yake. Ukiifuata safari hiyo kituo kwa kituo, unaona jinsi soka la kulipwa ughaibuni linavyokwenda hasa: mikataba, vibali, miezi ya kukaa benchi, na klabu zinazomsajili kijana huku tayari zinawaza zitamuuza kwa nani.

Samatta, kijana wa Mbagala, aliibukia African Lyon, akasajiliwa Simba mwaka 2010. Mwaka uliofuata Simba ikakutana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mazembe ya wakati ule ilikuwa moto wa kuotea mbali. Ilikuwa imetwaa kombe hilo mwaka 2009 na 2010, na Desemba 2010 ilifika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu dhidi ya Inter Milan. Simba ilifungwa, lakini Wakongo walikuwa wameshamwona mshambuliaji wao. Kabla mwaka haujaisha, akiwa na miaka 18, Samatta alikuwa mchezaji wa Mazembe.

Watu hukipita kituo hiki haraka wanaposimulia habari zake, nacho ndicho kilichobeba mengine yote. Lubumbashi ni mji wa Kiswahili. Mtanzania anayefika huko hahitaji mkalimani sokoni wala kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu, naye alijiunga na klabu hiyo mwaka huohuo. Chini ya tajiri na mwanasiasa Moïse Katumbi, Mazembe ilikuwa na uwanja wake yenyewe mtaa wa Kamalondo, jambo ambalo klabu nyingi za ukanda huu bado zinaliota. Na kila mwaka kulikuwa na mechi za kimataifa, ugenini Algeria, Sudan na Morocco, mbele ya mashabiki wanaozomea tangu timu inapopasha misuli moto. Kijana wa kwetu anayepelekwa Ulaya akiwa mbichi huikosa shule hiyo, na wengi hurudi kimya kimya.

Mwaka 2015 shule ililipa. Mazembe iliifunga USM Alger katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, 2-1 kule Algiers na 2-0 Lubumbashi, na Samatta akamaliza mashindano na mabao saba. Januari 2016, mjini Abuja, alitangazwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, wa kwanza kutoka Afrika Mashariki. Mwezi huohuo akasaini Genk.

Kwa nini Ubelgiji? Victor Wanyama wa Kenya naye alipita nchini humo, akiwa Beerschot, kabla ya Celtic, Southampton na Tottenham. Ligi ya Ubelgiji inatazamwa na maskauti wa Ulaya nzima, na klabu zake nyingi huishi kwa kununua vijana kwa bei nafuu, kuwapa dakika za kucheza, kisha kuwauza kwa faida. Genk ni hodari wa biashara hiyo: Thibaut Courtois, Kevin De Bruyne, Kalidou Koulibaly na Wilfred Ndidi wote walipitia pale. Mchezaji anayesaini klabu ya namna hiyo anajua yuko dirishani. Akifunga, bei yake inapanda. Akinyamaza, msimu unaofuata kuna kijana mwingine kwenye jezi yake.

Samatta alifunga. Msimu wa 2018/19 Genk ikawa bingwa wa Ubelgiji, yeye akiwa na mabao 23 ya ligi, na akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika nchini humo. Novemba 2019, pale Anfield, Liverpool ikiongoza 1-0, kona ilipigwa, Samatta akaruka mbele ya lango na kuutia mpira wavuni kwa kichwa. Genk ilipoteza 2-1, lakini bao la kichwa ndani ya Anfield, dhidi ya mabingwa wa Ulaya, lina thamani yake sokoni.

Januari 2020 Aston Villa ya Birmingham ikamchukua. Hapa kulikuwa na ukuta ambao mashabiki huusahau: kibali cha kazi. Kwa kanuni za Uingereza za wakati ule, mchezaji kutoka nje ya Ulaya ambaye taifa lake halikuwa ndani ya 50 bora za FIFA hakupewa kibali moja kwa moja. Kesi yake ilipelekwa kwenye jopo. Tanzania ilikuwa nje kabisa ya orodha hiyo. Kiwango cha timu ya taifa, kumbe, kinaweza kumfungia mchezaji mlango wa klabu.

Alifunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bournemouth. Tarehe 1 Machi, kwenye fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, alijirusha na kuifungia Villa bao pekee katika kipigo cha 2-1 kutoka kwa Manchester City. Kisha korona ikasimamisha soka, na ligi iliporejea mabao yake hayakurejea. Alimaliza na mechi 14 za ligi na bao moja, na Septemba akawa Fenerbahçe ya Uturuki. Baadaye Antwerp kwa mkopo, Genk tena kwa mkopo, PAOK ya Ugiriki aliyotwaa nayo ubingwa mwaka 2024, kisha Le Havre ya Ufaransa. Waliosema amefeli walipima maisha ya kazi kwa miezi michache. Kuhamahama huko ndiyo hali ya kawaida ya wanasoka wengi wa kulipwa. Mkopo humpa mchezaji dakika za kucheza, na klabu inayommiliki hupunguza mzigo wa mshahara.

Katika uhamisho wa namna hii lipo jambo moja ambalo viongozi wa timu za mitaani wanastahili kulijua. Mchezaji mwenye mkataba anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya ada kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kwa ada ya euro milioni 10, kila msimu wa malezi kuanzia umri wa miaka 16 una thamani ya euro 50,000, na haki hiyo hurudi kila anapouzwa tena kimataifa. Tangu 2022 malipo hayo hupitia chombo maalumu cha FIFA kilichopo Paris, kinachotegemea kumbukumbu za usajili kutoka mashirikisho ya soka ya nchi husika. Klabu iliyomfundisha mtoto miaka minne bila kumsajili rasmi haimo katika hesabu hiyo.