Vishikwambi Vyetu na Misafara ya Zamani

Wengi wenu mmetuuliza kwa nini kila Jumamosi jioni sisi wa Chama cha Kompyuta hujifungia maktabani na vishikwambi 20 mpaka kengele ya chakula. Napenda kuwaelezeni kazi hiyo, pamoja na kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

Katika Sensa ya Agosti 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, makarani walitumia vishikwambi kuandika majibu nyumba kwa nyumba. Palipokosekana mtandao waliyahifadhi, wakayatuma walipoupata. Kazi ilipokwisha, vishikwambi hivyo viligawiwa walimu. Walimu wetu hutuazima vyao, na wanafunzi wa Kidato cha Pili huvitumia kujipima kwa maswali.

Kishikwambi kimoja hakina taabu. Taabu huanza vinapokuwa vingi, kwa maana kila kimoja kina nakala yake. Mwalimu akisahihisha swali katika kimoja, vile 19 vingine havina habari. Kuvilinganisha, basi, ni kuhakikisha kwamba vyote vinajua jambo lile lile. Hatuhitaji intaneti, twaviunganisha kwa ruta ndogo na kompyuta moja ya maktaba, ambayo ndiyo yenye nakala mama.

Lakini nakala mbili zikitofautiana, ifuatwe ipi? Kanuni yetu ilikuwa rahisi: yenye tarehe mpya ishinde. Muhula huu kishikwambi namba 17 kiliishiwa chaji, na kilipowaka tena saa yake ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa. Hakuna aliyeitazama. Wanafunzi wanne wakakifanyia kazi wiki mbili. Siku nilipobonyeza, kompyuta ikaiona kazi yao kuwa ya kale, ikaifuta na kuweka kurasa tupu mahali pake. Mmoja wao, anayeogopa sana hisabati, akaniuliza, "Kaka, hata yale niliyoyapata?" Sikuwa na jibu.

Sisi wa Tabora tungeweza kujifunza neno hili kwa misafara. Mwaka 1871 Stanley alikuta hapa Kwihara mfuko wa barua za Livingstone ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Alipoufikisha Ujiji, ulikuwa umekwisha kukaa njiani mwaka mzima tangu utoke Unguja. Kwa hiyo habari inayofika mwisho si lazima iwe mpya, na tarehe yafaa tu ikiwa aliyeiandika alikuwa na kalenda ya kweli. Kishikwambi namba 17 hakikuwa nayo.

Sasa twafuata kanuni hizi:

1. Kila kishikwambi kina namba, na daftari huonyesha nani amekichukua na lini amekirudisha.

2. Kabla ya kuunganisha, vyote hutiwa chaji, na saa ya kila kimoja hutazamwa.

3. Nakala ya kazi zote huwekwa kando kwanza, ili kinachofutwa kiweze kurudishwa.

4. Nakala zikitofautiana, zote mbili hubaki, na mwalimu ndiye huamua.

5. Hatufungi kazi mpaka namba ya mwisho imefika.

Ziko programu zilizotengenezwa kwa kazi hii, mathalan Kolibri, ambayo hufanya kazi bila intaneti. Yenyewe haitegemei saa. Huhesabu mabadiliko yaliyofanywa katika kila kifaa, ikajua kipi kimepitwa na kingine. Lakini hata programu njema haiwezi kukileta kishikwambi kilichosahauliwa bwenini.

Wale wanafunzi wanne nimekaa nao jioni tatu tukirudia maswali yaliyopotea. Hisabati tumeimaliza, baiolojia bado, na mtihani wao wa upimaji wa taifa unakaribia.

Basi, mkituona tumechelewa chakula, jueni kwamba kuna namba moja haijafika nasi twaingojea. Sisi wa Kidato cha Nne twaondoka hivi karibuni. Ndugu zetu wa Kidato cha Tatu, njoni Jumamosi mjifunze, ili daftari lisikose mtu wa kulitunza.