Tangi la Kukingia Oili na Mipira ya Pumzi ya Injini

Injini ya motokaa hupumua. Wenye magari wengi hawalijui jambo hili, na kwa kutolijua wengine wameharibu injini nzuri kwa kufunga kifaa ambacho nia yake ilikuwa kuihifadhi.

Petroli au dizeli inapowaka ndani ya silinda, nguvu ya moto huisukuma pistoni chini. Ringi za pistoni huzuia moto huo usipenye, lakini hata katika injini mpya haziwezi kuuzuia wote. Sehemu ndogo hupita kando ya pistoni na kuingia katika nafasi ya chini ambamo krankishafti huzunguka, nafasi ambayo katika habari hii itaitwa tumbo la injini. Moshi huo umechanganyika na mvuke wa maji, petroli isiyoungua, na chembe ndogo sana za oili. Usipopata njia ya kutokea, msukumo huongezeka tumboni mpaka sili na gasketi huachia, na oili huanza kuvuja. Ikidondokea bomba la moshi lenye joto kali, gari laweza kushika moto.

Magari mengi ya miaka ya 1950 yalikuwa na bomba lililoelekea chini ya gari, na upepo wa mwendo uliuvuta moshi huo na kuumwaga barabarani. Katika jimbo la California, Marekani, ilionekana ya kuwa moshi wa namna hii ulisaidia kuchafua hewa ya miji, na kuanzia magari mapya ya mwaka 1961 njia nyingine ilitumiwa huko. Mpira huutoa moshi tumboni na kuurudisha mahali injini inapovutia hewa, ili uunguzwe tena. Katikati yake huwekwa vali ndogo, iitwayo PCV, ya kupima kiasi kipitacho. Magari ya siku hizi hufuata desturi hiyo.

Njia hii ni njema, ila ina kasoro yake. Oili husafiri pamoja na moshi na kupaka utando katika njia za hewa. Katika injini za zamani petroli ilipita juu ya vali za kuingizia na kuziosha. Katika injini mpya nyingi petroli hurushwa moja kwa moja ndani ya silinda. Vali haziguswi nayo, na masizi magumu hujenga juu yake. Injini zenye turbo hupata shida zaidi, kwa kuwa msukumo wake ni mkubwa. Basi hapo ndipo tangi la kukingia oili lina faida. Ni chombo kidogo cha chuma kinachofungwa katikati ya mpira wa pumzi. Moshi huingia, hugonga vibati vilivyomo ndani, hupoa, na oili pamoja na maji hutiririka chini. Hewa iliyobaki huendelea na safari yake.

Vijana wa mijini huliona tangi hili katika magari ya mashindano na kulitamani. Yafaa wajue ya kuwa huko sababu ni nyingine: kanuni za FIA hudai ya kwamba gari la mashindano ambalo pumzi yake hutoka wazi liwe na tangi la lita 2 kwa injini isiyozidi cc 2,000, na lita 3 kwa iliyo kubwa zaidi, ili oili isimwagike njiani na kuwaangusha wengine. Gari la kupeleka watu kazini si gari la mashindano. Kuacha pumzi yake iende hewani ni kurudi kwenye uchafu wa zamani.

Katika kufunga, mipira ndiyo huharibu kazi mara nyingi kuliko tangi lenyewe. Mpira wa maji ya rejeta haufai, wala ule wa kumwagilia bustani, kwa sababu oili huuvimbisha na kuulainisha, na mvuto wa injini huukunja mpaka ukaziba. Yatakikana mpira uliotengenezwa kwa ajili ya oili, ambao tundu lake si dogo kuliko la mpira wa asili, uliokazwa kwa klipu kila upande. Usining'inie kama kamba ya nguo, maana maji hukaa katika bonde lake. Nyakati za baridi, kama mwezi wa Julai huko Limuru au Nyandarua, maji hayo huchanganyika na oili yakawa kama uji wa rangi ya maziwa, na njia hufungwa. Tangi nalo hufungwa kwenye bodi, mahali pa baridi, mbali na bomba la moshi. Vali ya PCV isitolewe. Kama tangi laungwa na njia ya hewa ya injini, lisiwekewe kichungi kilicho wazi juu yake, kwa kuwa injini itavuta hewa isiyopimwa na kuzunguka vibaya.

Wako wanaojaza waya wa kusugulia sufuria ndani ya tangi ili ukamate oili. Nyuzi zake hukatika na kuvutwa ndani ya injini. Heri tangi tupu.

Mwenye matatu ya dizeli ana hatari iliyo kubwa kupita zote. Injini ya dizeli huweza kuungua kwa oili yake yenyewe. Tangi likiachwa lijae, oili huvutwa kwenye njia ya hewa na injini hukimbia peke yake. Kuzima ufunguo hakuisimamishi, kwa kuwa haitegemei tena dizeli ya pampu. Gari likiwa limesimama na lina gia za mkono, dereva hukanyaga breki kwa nguvu, hutia gia ya juu kabisa na kuachia klachi ili injini izimike. Asizibe njia ya hewa kwa kiganja chake, na ikishindikana, watu wote waondoke karibu.

Kwa hiyo kwanza yafaa kupima kama injini ni nzima. Fundi akifungua kifuniko cha kutilia oili injini ikinguruma polepole, moshi kidogo si kitu. Ukitoka kwa nguvu mfululizo kama birika lichemkalo, yaelekea ringi zimekwisha, na vipimo vya msukumo wa silinda vitaonyesha hakika. Tangi haliponyi ringi; litajaa tu upesi.

Baada ya kilomita 500 za kwanza tangi lifunguliwe na kutazamwa, na mwenye gari atajua lajaa kwa kasi gani. Kilichomo kisirudishwe katika injini hata kikionekana safi, kwa kuwa kina maji na petroli. Hata kupaka nguzo za ua kuzuia mchwa hakifai, na kisimwagwe karibu na kisima. Kipelekwe katika chombo chenye kifuniko kwenye gereji ikusanyayo oili chafu.