Alama 100 za Mashine, na Tangazo Lisilosomeka

Afisa TEHAMA wa halmashauri akipima tovuti kwa programu za Lighthouse, WAVE au axe ili kujua kama watu wenye ulemavu wataweza kuitumia, jibu huja papo hapo: alama 92 kati ya 100, au makosa 47. Namba hiyo haifai kupelekwa kwenye kikao kabla ya kuchambuliwa.

Anza na makosa 47. Mwaka 2017 zilizinduliwa tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185 za Tanzania, zilizojengwa juu ya mfumo mmoja, za Musoma, Bunda na Butiama zikiwemo. Katika mfumo wa namna hiyo, kitufe cha kutafuta kikikosa jina, kosa litahesabiwa kwenye kila ukurasa, ilhali fundi analirekebisha mahali pamoja. Panga makosa kwa chanzo chake ndipo uhesabu.

Kwenye rangi, mashine iaminiwe. WCAG, kiwango cha kimataifa cha tovuti zinazotumika na watu wenye ulemavu, kinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli kwa uwiano wa 4.5 kwa 1, na hiyo ni hesabu tu. Ila maandishi yakiwa juu ya picha, axe huyaweka kando ili mtu ayatazame. Watu wengi huliruka fungu hilo.

Linalonisumbua zaidi ni yale yanayopita bila kuonekana. Mwaka 2017 wataalamu wa serikali ya Uingereza walitengeneza ukurasa wenye vikwazo 142 vya makusudi, wakaupima kwa programu za namna hii. Hakuna programu iliyogundua hata nusu yake. Chukua lugha. Mashine huuliza tu kama ukurasa umetaja lugha yake. Ukurasa wa Kiswahili uliotajwa kuwa wa Kiingereza hufaulu, lakini asiyeona akiusikiliza kwa NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini, “wote” katika “watumishi wote” hugeuka “wout”, na sentensi nzima inaharibika hivyohivyo.

Tena tangazo la kuitwa kwenye usaili likipigwa skana na kupandishwa kama PDF, vipimo hivi havilifungui. Alama inabaki 100. Asiyeona hasikii hata jina lake. Na tangazo hilo ndilo lililomleta kwenye tovuti!

Watu wa kupima mambo haya hawakosekani: Musoma, kwa mfano, ina Shule ya Msingi Mwisenge, alikosoma Mwalimu Nyerere, ambayo imefundisha wanafunzi wasioona kwa miaka mingi. Halmashauri imwite mtu mzima asiyeona, imlipe posho, imwombe atafute tangazo moja la ajira mpaka alisome lote. Anapokwama, andika hapohapo, kisha urudi kwenye ripoti ya mashine uone kama ilipagusia.