Chembe Sahani na Viungo vya Wanyama Kazi

Tiba ya viungo kwa kutumia chembe sahani za damu imekomaa zaidi katika mazizi ya farasi wa mbio, wanyama ambao katika Afrika Mashariki huonekana zaidi katika uwanja wa mbio wa Ngong, jijini Nairobi, kuliko katika ukanda wa Ziwa Victoria, ambako mbung'o wanaoeneza nagana na visubi wanaoeneza virusi viuavyo farasi huwafanya wawe wagumu kufugwa. Katika bonde la Bugwema, mkoani Mara, kazi hufanywa na maksai wavutao plau na punda wabebao mizigo, ambao viungo vyao nao huchakaa.

Ndani ya kiungo, ncha za mifupa hufunikwa na gegedu, tishu inayoteleza isiyo na mishipa ya damu, ndiyo maana likimomonyoka hupona kwa shida sana. Chembe sahani, vipande vidogo vya seli visivyo na kiini ambavyo hujulikana zaidi kwa kugandisha damu, hubeba pia protini zinazochochea tishu kujijenga na kutuliza uvimbe. Daktari huchota damu ya mnyama mwenyewe kwenye mshipa wa shingo, huichanganya na sitrati ili isigande, kisha huizungusha kwa mashine mpaka chembe nyekundu zizame, chembe nyeupe zifanye utando mwembamba katikati, na plazima yenye chembe sahani ielee juu, ikiwa na rangi ya manjano. Plazima hiyo ndiyo hudungwa kiungoni baada ya ngozi kunyolewa na kusafishwa kwa makini, huku chembe nyeupe zikiepukwa kwa kuwa huchochea uvimbe.

Majaribio kadhaa yameonyesha farasi wakipungua kuchechemea, lakini gegedu lililokwisha halijathibitika kurudi, na kwa kuwa mashine hutofautiana katika kukusanya chembe hizo, anayeitangaza tiba hii kuwa ya uhakika humpotosha mfugaji.

Kwa Bugwema, hata hivyo, swali linalotangulia ni lingine: je, uvimbe wa kiungo unatokana na maambukizi? Uvimbe laini wenye maji kwenye goti la mbele la ng'ombe huweza kuwa dalili ya bruselosi, yaani ugonjwa wa kutupa mimba, ambao bakteria wake, Brucella abortus, kwa farasi huhusishwa na majipu sugu ya mabega. Maji ya uvimbe huo huweza kujaa bakteria, nao humwingia mtu kupitia mikwaruzo ya mikono na kumletea homa ya kupanda na kushuka pamoja na maumivu ya viungo, kwa hiyo anayelitoboa goti la maksai kwa kisu ili maji yatoke hujitia hatarini pamoja na wote wa boma lake. Daktari wa mifugo huanza na kipimo cha Rose Bengal, ambapo tone la seramu huchanganywa na bakteria waliouawa na kutiwa rangi ya waridi, na mchanganyiko ukifanya chengachenga, mnyama hushukiwa, hutengwa na kupimwa tena kwa njia nyingine. Kipimo kikiwa safi, mapumziko, kupunguzwa kwa kwato na dawa ya maumivu hutangulia, na mashine ya kuzungusha damu hufikiriwa baadaye.